Ngozi Ivute Ili Maji: Historia Fupi ya Kazi ya Ngozi Nchini Kenya



Katika kurasa zilizotangulia Bwana Mweka Hazina amewaonyesha jinsi fedha zetu zilivyotumika mwaka huu. Mstari mmoja wa hesabu ile wasema: "Mafunzo ya kazi ya ngozi, siku 10." Najua mstari huo utaulizwa maswali mkutanoni, maana mwaka jana uliulizwa hata kabla haujaandikwa. Miongoni mwa waliosimama kuupinga nilikuwamo mimi, karani wenu. Nilisema kwamba ushonaji wa viatu ni kazi ya mtu aliyekosa kazi, na kwamba ingefaa zaidi vijana walipiwe masomo ya kompyuta. Nilishindwa kwa kura. Kisha Kamati, kwa hekima yake, ikaniagiza niende mimi mwenyewe kwenye mafunzo hayo na kuandika habari zake.

Niliyoyaona huko, na niliyoyasoma baadaye, yamenifanya nibadili kauli. Naomba niyaeleze kwa utaratibu wa historia, kwani si haki kuihukumu kazi ambayo hatujui ilikotoka.

Hapo kale, kabla nguo za dukani hazijaenea bara, ngozi ndiyo iliyokuwa vazi, kitanda, mkoba, kamba na ngao. Miongoni mwa Wamasai, wanawake ndio waliozikwangua ngozi na kuzilainisha kwa mafuta, na wanaume wakatengeneza ngao kwa ngozi ya nyati. Mwanamke wa Kikuyu alivaa muthuru, yaani sketi ya ngozi iliyolainishwa kwa mikono. Mzee Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotoka mwaka 1938, aliiweka kazi ya ngozi katika sura ya viwanda vya Wakikuyu, pamoja na uhunzi, ufinyanzi na ususi wa vikapu. Yafaa tulizingatie jambo hilo. Aliihesabu kuwa kazi ya ufundi yenye taratibu zake, sawa na kazi nyingine zote.

Ufundi huo haukuwa na shule ya kuta na madawati. Mtoto aliketi karibu na mama yake au mjomba wake, akashika upande mmoja wa ngozi huku mkubwa akishika wa pili. Ngozi iliwambwa chini kwa mambo ingali na maji yake, kwa sababu ikikauka imekunjamana haifunguki tena ila kwa taabu kubwa. Ndiyo maana wahenga walisema: ngozi ivute ili maji, yaani ingali mbichi. Sisi husema methali hiyo tunapozungumza juu ya malezi ya watoto. Lakini asili yake ni maneno ya mtu aliyekuwa na mambo mkononi.

Pwani ufundi huu ulipanda daraja. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika kwa mafundi wa ngozi, na makubadhi ya sehemu za Lamu yalijulikana mbali. Mji huo huo ulikuwa na wanazuoni walionakili Misahafu kwa mkono, na kurasa zao zikajalidiwa kwa ngozi. Basi mwenye kalamu na mwenye kisu cha ngozi walikuwa majirani, wala mmoja hakuweza kuikamilisha kazi yake bila ya mwenziwe. Nilipolisoma hilo niliona haya kidogo, mimi niliyedhani kwamba kalamu haina ujamaa na msharasi.

Je, dharau ilitoka wapi? Sidhani kwamba ilitoka kwa wazee wetu. Ilikuja pole pole, kazi na mali ya kazi zilipotenganishwa. Katika miaka ya kwanza ya utawala wa Waingereza ililetwa kodi ya nyumba, nayo ilitakiwa kwa fedha. Nguo za pamba nazo zilienea. Hapo ngozi ikaacha kuwa vazi la nyumbani, ikawa bidhaa ya kuuzwa mbichi kwa mfanya biashara, ambaye aliipeleka bandarini. Baadaye Idara ya Mifugo ilifanya juhudi nyingi kuwafundisha watu kuchuna bila ya kutoboa, na kukausha ngozi kivulini juu ya viunzi badala ya kuitandaza chini juani, ambako huungua na kuoza ndani. Mafundisho hayo yalikuwa mema, na hata leo ni ya kweli. Lakini shabaha yake kubwa ilikuwa biashara ya nje. Tulifundishwa kuikausha ngozi vizuri ili isafiri vizuri.

Ndivyo ilivyokuwa kwa magome pia. Ngozi huoza isipotiwa dawa ya kuizuia, na dawa moja bora hupatikana katika magome ya miwati, ambayo Wakikuyu huiita muthanduku. Mti huu asili yake ni Australia. Uliletwa Kenya kupitia Afrika ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 Edgar Mearns, mtaalamu wa viumbe kutoka Marekani, alichuma kipande chake Thika, na kwa kipande hicho cha Thika mti huo ulipewa jina lake la kisayansi, Acacia mearnsii. Wakulima wengi wadogo waliupanda, wakauza magome, na viwanda vya Thika na Eldoret vikakamua dawa yake, ambayo nyingi yake iliuzwa ng'ambo. Tazameni basi: ngozi yetu ilitoka kwa mlango mmoja, dawa ya kuitengenezea ikatoka kwa mlango wa pili, na viatu vikarudi kwa mlango wa tatu, vikiwa na bei mpya.

Nisiseme kwamba hapana lililofanyika humu nchini. Katikati ya miaka ya 1920 palianzishwa Kabete chuo cha serikali cha kuwafundisha Waafrika useremala, uashi na uhunzi. Chuo hicho ndicho mzizi wa Kabete National Polytechnic ya leo. Toka wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Bata cha Limuru kimewafundisha kazi watu wengi na kuivisha miguu mingi. Lakini fundi mdogo, yule wa chini ya mti, aliachwa ajitafutie mwenyewe.

Naye alijitafutia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, Waafrika wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Wengi walitembea miguu mitupu. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor, kama lilivyobaki Dar es Salaam katika Kariakoo. Na hapo Kariokor, mahali penye jina la watu waliokwenda vitani bila viatu, ndipo lilipokuja kukua soko mashuhuri la makubadhi, mikoba na mikanda ya ngozi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini kila nipitapo hapo huona kana kwamba deni fulani linalipwa.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kuelekea vizuri. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa taarifa iliyouliza vijana watafanya nini wakimaliza shule, na kutokana na swali hilo vikaanzishwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa waliikagua Kenya, wakaandika kwamba mafundi wadogo, ambao leo twawaita wa jua kali, si mzigo kwa nchi bali ni nguvu yake. Kisha katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa. Viatu vya mitumba vikaingia kwa marobota, viwanda kadhaa vya ngozi vikafungwa, na sehemu kubwa ya ngozi yetu ikawa yatoka nchini ikiwa mbichi, au ikiwa imetengenezwa nusu tu kwa dawa ya kromu, yenye rangi ya samawati. Mwaka 2006 Serikali ilianza kutoza ushuru maalumu juu ya ngozi mbichi ziendazo nje, na baadaye ikauongeza, ili kazi ibaki nyumbani. Lakini ushuru waweza kuizuia ngozi tu; hauwezi kumfundisha mtu kuishona.

Sasa nije kwenye siku zetu 10. Tulikuwa wanafunzi 11 katika ukumbi wa chama. Walimu walikuwa wawili: mzee mmoja kutoka Lamu, aliyeanza kushona makubadhi angali mtoto, na mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha ngozi kabla hakijafungwa.

Siku ya kwanza Mama hakuturuhusu kugusa kisu. Aliinua ngozi dirishani, akatusomea maisha ya ng'ombe yule: hapa alichomwa chapa, hapa alikwaruzwa na miiba, hapa kupe walimla. Kisha akatuonyesha kovu refu karibu na ubavu. "Na hapa," akasema, "ng'ombe amekwisha kufa. Kosa hili ni la mchunaji." Ng'ombe aliyetunzwa miaka mingi, na ngozi yake ikaharibiwa kwa dakika moja, kwa kuwa mchunaji hulipwa kwa nyama wala haulizwi habari za ngozi.

Siku ya tatu tulikata mikanda. Mimi, kwa mazoea ya ofisini, nilipiga mstari ulionyooka kuliko wa wote. Mzee akautazama, akaniambia kwa upole: "Bwana Karani, mwanangu, mstari wako ni mzuri, lakini umekata tumboni. Ngozi ya tumbo huvutika. Mkanda huu utakuwa mrefu kuliko mwenyewe." Wote wakacheka, nami nikacheka. Ya mgongoni ndiyo iliyo imara.

Kisha tukafundishwa kushona kwa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta, sindano zikipishana katika kila tundu la msharasi. Mshono wa cherehani hushikana uzi wa juu na wa chini, na mmoja ukikatika waweza kufumuka. Mshono wa mkono, uzi ukikatika upande mmoja, upande wa pili bado hushikilia. Maneno haya mwaweza kuyasoma kitabuni. Lakini kiasi cha kuvuta uzi hakiandikiki. Mzee alinishika kifundo cha mkono, akavuta pamoja nami, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata mkono wangu ukakubali.

Hapo, ndugu zangu, sina budi kukiri jambo. Baba yangu alikuwa mshona viatu. Alinilipia karo ya shule ya misheni kwa kiraka na soli, miaka yote minne. Nilipokuwa kidato cha pili nilimwomba asije siku ya wazazi, kwa sababu mikono yake ilikuwa myeusi kwa rangi ya viatu. Hakuja, wala hakuniuliza tena. Alipofariki, sisi watoto wake tuliliuza sanduku lake la zana kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Sikumbuki bei yake. Nakumbuka kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejua majina ya vitu vilivyokuwamo. Nimeyajifunza mwaka huu kwa mtu mwingine, kwa fedha za chama.

Historia niliyoieleza yatufundisha jambo moja. Ngozi haijapata kutukosa, wala magome, wala wanunuzi. Kilichokatika, kila mara, ni lile benchi ambalo mkubwa na mdogo huketi pamoja. Siku 10 zimetuonyesha mlango tu. Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano mapendekezo matatu. Kwanza, vijana wawili wakae na Mzee kwa mwaka mzima, chama kikimlipa posho. Pili, Kamati izungumze na wachinjaji wetu, ili ngozi iliyochunwa bila kovu ilipwe zaidi. Tatu, zana zinunuliwe ziwe mali ya chama, zikaazimwe kama vitabu vya maktaba.

Sitawaahidi utajiri. Hatutaweza kushindana na mitumba kwa bei. Lakini mikoba ya shule, mikanda, makubadhi na marekebisho ya viatu vinatakiwa papa hapa petu, na fedha yake yaweza kuzunguka kwetu kabla ya kuondoka.

Mzee ameniambia kwamba jicho lake la kushoto halioni tena tundu la sindano. Hutia uzi kwa kupapasa. La kulia bado lipo. Naomba mkutano usiahirishe jambo hili hadi mwaka ujao. Ngozi ivute ili maji.

Ni mimi mtumishi wenu,
Karani wa Chama