Programu mpya ya kompyuta: pima inachofanya, kisha pima inavyokifanya

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Gitega hupita Kabanga upande wa Tanzania, likavuka Kobero, kisha mji wa Muyinga. Njiani mzigo huandikwa kwenye kompyuta mara nyingi: kwa wakala, kwa msafirishaji, ghalani na kwenye ASYCUDA World, mfumo wa forodha uliotengenezwa na UNCTAD na unaotumiwa na Mamlaka ya Mapato ya Burundi (OBR). Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ianze mwaka 2014, tangazo la forodha hupelekwa nchi mzigo unakokwenda wakati kontena bado liko bandarini. Kwa hiyo kompyuta ikigoma Burundi, gharama inaweza kuanza kuhesabiwa Dar es Salaam.

Makampuni ya usafirishaji na mawakala nao hununua programu zao: za hati za mizigo, ankara, mafuta na safari. Kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kujua kwamba kuna majaribio ya aina mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Aina ya kwanza ni majaribio ya kazi. Hapa swali ni: je, programu inafanya kile ilichoagizwa kufanya? Jibu ni ndiyo au hapana. Chukua shehena yenye thamani ya forodha ya faranga 10,000,000, ushuru wa asilimia 25. Ushuru ni 2,500,000. VAT ya Burundi ni asilimia 18, nayo hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani 12,500,000, hivyo ni 2,250,000. Tukiweka kando tozo nyingine, jumla ni 4,750,000. Programu ikitoa 4,300,000, imetoza VAT juu ya thamani peke yake, na imefeli, hata kama skrini yake inapendeza.

Sasa badilisha kiwango. Julai 2022 Jumuiya iliongeza daraja la nne la ushuru wa pamoja, asilimia 35, kwa bidhaa kama samani. Shehena ile ile ingelipiwa 3,500,000 za ushuru na 2,430,000 za VAT, jumla 5,930,000. Aliyekadiria bei kwa programu ya zamani alikosea kwa 1,180,000. Nchi wanachama huomba nafuu zao kila mwaka wa bajeti, kwa hiyo jaribio hili lirudiwe kila Julai.

Mpimaji mzuri hupenda kusimama mpakani, na hapa sisemi mpaka wa Kobero. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinahusu shehena isiyozidi dola 2,000. Ingiza 1,999, ingiza 2,000, ingiza 2,001. Makosa mengi ya programu hujificha hapo, kwenye tofauti ya "isiyozidi" na "iliyo chini ya".

Aina ya pili ni majaribio ya sifa. Hayaulizi programu inafanya nini, bali inakifanya vipi: kwa kasi gani, kwa watu wangapi pamoja, kwa usalama gani, na umeme ukikatika itakuwaje. Hapa jibu hupimwa kwa kipimo. "Iwe ya haraka" si sharti. "Makarani 20 wakiingia pamoja, hati ifunguke ndani ya sekunde 3" ni sharti.

Muuzaji hupenda kuonyesha bidhaa yake ofisini Gitega, kompyuta moja, mtandao mzuri, mtumiaji mmoja. Jaribio hilo halimsaidii karani wa Muyinga anayetumia simu yenye mtandao dhaifu huku madereva 15 wakimsubiri dirishani. Zima umeme katikati ya kuandika hati, kisha uwashe: je, hati ipo nusu, ipo mara mbili, au haipo kabisa? Kata mtandao kwa saa moja, uone kama kazi inaendelea na kutumwa baadaye. Mpe pia dereva Mtanzania asiyejua Kifaransa aitumie bila kufundishwa.

Anayedhani hayo ni mambo madogo aitazame Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ilifungua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov. Mamilioni waliingia, na siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa 6 tu.

Kuna maeneo yanayogusana. Kukataa neno la siri lisilo sahihi ni kazi. Kustahimili mtu anayejaribu maneno elfu kumi usiku kucha ni sifa ya usalama.

Kwa mpangilio, anza na kazi, kwani hakuna faida ya kupima kasi ya hesabu isiyo sahihi. Lakini masharti ya sifa yaandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo. Programu iliyojengwa kwa mtumiaji mmoja mara nyingi hulazimika kuvunjwa ili ibebe 50, na gharama hiyo muuzaji atataka uilipe wewe. Bakiza sehemu ya malipo mpaka programu ifanye kazi mwezi mzima kwenye yadi ya Muyinga, mwisho wa mwezi ukiwemo, maana ndipo ankara zote huja pamoja.