Mtoto mwenye usonji anaogopa daktari wa meno? Anzeni mazoezi nyumbani

Kwa familia ya Buhigwe, kumpeleka mtoto Kasulu au Hospitali ya Rufaa Maweni, Kigoma mjini, ni nauli na siku nzima. Inauma mtoto akigoma kufungua mdomo, mkarudi na jino lilelile.

Kwa mwenye usonji, huo si utundu. Taa kali, mlio wa mashine, harufu ya dawa na vidole vya mtu asiyemjua vinaweza kumlemea kwa pamoja.

Wiki chache kabla ya safari:

• Alale chali mkekani, afungue mdomo, mmulike kwa tochi ya simu ukihesabu hadi tano. Kesho, hadi kumi.
• Mwonyeshe picha za kiti na vifaa vya daktari.
• Kubalianeni ishara ya kusema "acha kwanza".

Mkifika:

• Omba ahudumiwe mapema, asikae foleni.
• Mwombe daktari afuate njia inayojulikana tangu 1959: mwambie, mwonyeshe, ndipo ufanye.

Usimwambie "hutaumia". Akishadanganywa, safari ijayo itakuwa ngumu zaidi.

Ila uso ukivimba au akipata homa, msingoje mazoezi: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.