Kukarabati jiko kwa mikono yako mjini London

Asubuhi ya tarehe 16 Mei 1968, mkazi wa ghorofa ya 18 katika jengo la Ronan Point, mashariki mwa London, aliwasha kiberiti ili achemshe maji ya chai. Gesi iliyokuwa imevuja usiku ililipuka, na pembe nzima ya jengo hilo la ghorofa 22 ikaporomoka. Watu 4 walifariki dunia na 17 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulibaini kwamba gesi ilitoka kwenye nati isiyo na kiwango, iliyounganisha bomba na jiko.

Ronan Point inakumbukwa zaidi kwa udhaifu wa kuta zake za zege. Hata hivyo, kwa anayekusudia kukarabati jiko lake mwenyewe, nati ile ndiyo mpaka wa kazi. Makabati, vigae, rangi na sakafu ni vya mwenye nyumba mwenye subira. Gesi si yake. Aliyezoea mtungi, ambao hufungwa kwa kugeuza koki, akumbuke kwamba gesi ya London huja kwa bomba kutoka barabarani na haikomi. Kanuni za mwaka 1998 zinakataza mtu asiye na ujuzi kugusa mfumo wa gesi, na fundi anayelipwa ni lazima awe kwenye daftari la Gas Safe, lililochukua nafasi ya CORGI mwezi Aprili 2009. Fundi huyo hubeba kitambulisho chenye orodha ya kazi anazoruhusiwa kuzifanya. Si utovu wa adabu kumwomba akionyeshe.

Kwa upande wa umeme, sheria ni laini kidogo. Tangu mwaka 2013, kuongeza soketi kwenye saketi iliyopo jikoni hakuhitaji kuiarifu halmashauri nchini England. Saketi mpya, kwa mfano ya jiko la umeme, bado inahitaji, isipokuwa ikifungwa na fundi aliyesajiliwa ambaye hutoa cheti mwenyewe.

Ruhusa kabla ya nyundo

Fleti nyingi za London humilikiwa kwa mkataba wa muda mrefu, na ardhi pamoja na kuta za nje hubaki kuwa za mwingine. Mkataba huo usomwe kabla ya kununua hata kabati moja, kwani mara nyingi hudai idhini ya maandishi ili kubomoa ukuta, kuhamisha mabomba au kutoboa tundu la kutolea moshi. Kwa nyumba zilizoshikana, sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996 inataka jirani apewe taarifa ya miezi 2 kabla ya kukata ukuta huo au kuondoa dohani. Kutoboa matundu ya skrubu za makabati hakuhesabiwi.

Tundu la moshi linastahili kugombaniwa. Feni nyingi za bei nafuu huchuja hewa kwa makaa na kuirudisha ndani. Harufu hupungua lakini mvuke hubaki. Katika jiko linalopika pilau na kukaanga samaki huku madirisha yamefungwa majira ya baridi, mvuke huo huishia kuwa ukungu mweusi nyuma ya makabati.

Mpangilio wa kazi

Kosa la kawaida ni kuagiza makabati kwanza. Vipimo vya kuaminika hupatikana baada ya kubomoa, kwa sababu nyumba za zama za Malkia Victoria hazina pembe iliyonyooka. Pima ukuta chini, katikati na juu, kisha ufuate kipimo kidogo.

Baada ya kubomoa hufuata mabomba na nyaya, halafu lipu. Lipu mpya ya kusawazisha huwa na rangi nzito. Ikishakuwa waridi hafifu pande zote, ndipo ipakwe rangi. Anayeharakisha hapa ataiona rangi ikibambuka. Kisha makabati, yakianzia pale sakafu ilipo juu zaidi, kwa pima maji. Ubao wa juu hukaa takriban sentimita 90 kutoka sakafuni. Vigae vya ukutani huja baadaye, na silikoni mwisho. Koki kuu ya maji, ambayo aghalabu iko chini ya sinki, ijaribiwe siku ya kwanza. Nyingine hukwama kwa miaka ya kutoguswa.

Bajeti iachiwe akiba ya asilimia 10 hadi 20, na kona ya chumba kingine iandaliwe birika na jiko dogo la umeme. Familia huchoka na chakula cha kununua mapema kuliko inavyodhani.

Nyumba iliyojengwa au kukarabatiwa kabla ya mwaka 2000 inaweza kuwa na asbesto, iliyopigwa marufuku kabisa nchini Uingereza mwaka 1999. Jikoni hujificha kwenye vigae vya zamani vya plastiki na gundi yake nyeusi, kwenye rangi ya dari yenye michirizi, hata chini ya sinki. Kisichojulikana kisikwanguliwe wala kutobolewa kabla ya sampuli kupimwa maabara.

Halmashauri nyingi za London huruhusu kelele za ujenzi saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni siku za kazi, na Jumamosi mwisho saa saba mchana. Kifusi hakitupwi kwenye pipa la nyumbani, na kontena la taka likiwekwa barabarani huhitaji kibali. Tangu Januari 2024, vituo vya halmashauri nchini England hupokea bila malipo mifuko 2 ya lita 50 kwa safari, safari zisizozidi 4 katika wiki 4.