Kufaulu na Kuchaguliwa

Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa na maneno mawili kwa mtoto aliyefanya mtihani wa darasa la saba: kufaulu na kuchaguliwa. Mtoto aliweza kufaulu asichaguliwe, kwa kuwa viti vya sekondari vilikuwa vichache kuliko waliovistahili. Mtihani ulikuwa chujio.

Mwalimu Julius Nyerere alilieleza tatizo hilo Machi 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Shule ya msingi, alisema, ilikuwa ikiwaandaa wote kwa safari ya sekondari ambayo wengi wao hawangeianza. Aliyebaki kijijini alijiona ameshindwa, hata kama alijua kusoma, kuandika na kuhesabu. Nyerere hakutaka mitihani ifutwe. Alitaka ishushwe hadhi, ifuate yanayofundishwa badala ya kuyaamrisha.

Hatua zilifuata. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ya Bunge ikaunda baraza la taifa, NECTA. Azimio la Musoma, tamko la chama tawala la Novemba 1974, likakemea mazoea ya kumpima kijana kwa karatasi za siku chache. Kuanzia 1976, alama za kazi zake za darasani zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho.

Lakini azimio hilohilo lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi kufikia 1977. Madarasa yakafurika, sekondari zikabaki chache, na tundu za chujio zikawa ndogo zaidi.

Afueni ilikuja baada ya 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoleta shule za kata. Sasa wengi walichaguliwa, ila wengi wao waliingia shule zenye upungufu wa walimu, vitabu na maabara. Chujio likahamia kidato cha nne.

Februari 2013 nchi ilishtuka. Katika matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2012, watahiniwa zaidi ya nusu walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yakokotolewe upya, baada ya kubainika kwamba utaratibu mpya wa kupanga alama ulitumika bila maandalizi ya kutosha. Karatasi zilezile, majibu yaleyale, na maelfu waliokuwa wamefeli wakawa wamefaulu.

Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka huohuo imeweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa mpango huo, darasa la saba la mwisho litamaliza 2027. Mwaka 2028 wanafunzi wake wataingia kidato cha kwanza pamoja na wadogo zao wa darasa la sita, ambao hawatahitaji kuchaguliwa.