Nyumba ya Mawe na Majina Yake

Arithiye nyumba ya mawe Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hurithi na msamiati wake. Kila jina ndani ya nyumba hiyo ni maarifa ya waashi na maseremala waliotangulia, na anayelipoteza jina aghalabu huipoteza na nyumba.

Kwanza ni mawe. Tumbawe lililotolewa baharini huwa laini lingali bichi, likachongeka kwa urahisi, likikauka hukaza. Ndilo lililofaa kwa nakshi, mihirabu na vidaka. Jiwe la mwamba wa nchi kavu, lililo zito zaidi, likaachiwa kuta. Magofu ya Shanga, kisiwani Pate, na Husuni Kubwa ya Kilwa, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, ni mashahidi wa ukongwe wa kazi hiyo.

Kilichoyashika mawe ni chokaa. Matumbawe yalipangwa juu ya kuni, yakachomwa, yakazimwa kwa maji, kisha chokaa ikaachwa itulie kabla ya kutumika.

Juu ya kuta hulala boriti. Miti ya mikoko ilipewa majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, kisha boriti, ambayo ndiyo hubeba dari. Boriti haivuki nafasi kubwa, ndiyo maana vyumba vya kale vina upana wa kiasi cha mita 2.5 hadi 3 tu, ijapokuwa ni virefu. Majahazi yaliipeleka miti hiyo hata Uarabuni na Ghuba, na vyumba vya huko vikafuata kipimo cha mkoko wa Afrika Mashariki. Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982.

Nyumba za Lamu za karne ya 18 zilipangwa kwa heshima: mgeni husita dakani, huingia kiwandani palipo wazi kwa mbingu, hufika msanani, ndani ni kwa wenyewe. Mlango nao una miimo yake ubavuni, vizingiti vyake chini na juu, na mfaa, ubao wa katikati unaofunika mahali mbawa mbili zinapokutana.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hawakutaja ufa uzibwe kwa kitu gani, kwani zama zao haikuwapo ila chokaa. Leo fundi huleta saruji, na mwenye nyumba hufurahi kuona ukuta mgumu unaong'aa. Lakini ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa ardhi na chumvi ya bahari, na chokaa huuruhusu utoke. Saruji huufungia ndani. Chumvi hubambua lipu pamoja na ngozi ya jiwe, na unyevu hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, vikaoza pasipo kuonekana, hata siku dari inaposhuka.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Heshima hiyo ni kubwa, ila haiwezi kuchanganya udongo wala kushika mwiko. Kazi hiyo imebaki kwa mwenye nyumba: kumwambia fundi, kabla hajafungua mfuko wa saruji, kwamba ukuta huu wataka chokaa.