Kamituga ya mjomba, Kamituga ya koko

Nani kati yetu hajasikia mzee akianza na "wakati ule wa Zaire…"? Kwetu hapa Nakivale ni mjomba. Alizaliwa Kamituga, mji mdogo wa dhahabu kwenye milima ya Mwenga, Kivu Kusini, na ukimsikiliza ilikuwa raha tupu: king'ora cha kampuni alfajiri, baba anaenda mgodini, nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, mpira Jumapili. Ati hakuna aliyefunga mlango.

Nikatafuta historia yake. Mji uliota kwa sababu ya mgodi. Wabelgiji walichimba pale kupitia kampuni ya MGL, kisha mwaka 1976 kampuni kadhaa za Kivu na Maniema zikaunganishwa kuwa SOMINKI. Mshahara na dawa vilitoka mkono mmoja, na mkono huo ulilegea bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985. Pesa nayo? Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa sawa na dola 2. Mwaka 1993 ikaletwa zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani! Fikirieni mshahara wa babu hapo katikati. Halafu vita vya 1996, na mengine mnayajua.

Nikampelekea koko, yaani bibi yangu, hesabu hizo. Akacheka.

"Mjomba wako alikuwa mtoto. Ile mihogo alikuwa anakula, alizani inatoka wapi?"

Kumbe hata miaka ile mizuri, mshahara ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi. Koko alipanda mlima na kitunga mgongoni kabla king'ora hakijalia. Na salongo, ile kazi ya lazima ya wakati wa Mobutu: mjomba anakumbuka nyimbo, koko anakumbuka kuacha magugu kwake akafyeke barabara ya serikali. Anachokosa yeye ni kimoja tu, lile shamba. Alijua kila jiwe lake.

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na mpaka leo Uganda inampa mkimbizi kipande cha ardhi. Vizuri sana. Lakini mjomba alifika hapa mtoto wa mji, jembe hajui. Msimu wa kwanza alisonganisha mahindi kama nywele za kichwa, hatukuvuna kitu. Tulilala njaa, siyo mchezo. Koko ndiye aliyetuokoa, kwa maharage.

Ndugu zetu wa mashirika, mnapokuja na mbegu mnamuita mwanaume wa nyumba, naye anajibu kwa heshima. Muulizeni pia yule mama aliyekaa nyuma yake.

Sasa ni Septemba, mvua imekaribia. Koko anachambua mbegu kwenye ungo. Mjomba amekaa pembeni anamtolea mawe, na bado anatuhadithia king'ora.