Manowari ya Sayyid Said iliyobadilishwa jina

Sisi tunaolewa na majina ya baba zetu na tunabaki nayo. Meli je?

Mwaka 1826, Bombay, ilishushwa majini manowari ya matanga ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mbao za msaji, mizinga 74. Na jina? Liverpool! La Kiingereza kabisa. Mwaka 1836 Sayyid akamtunuku Mfalme William IV wa Uingereza meli hiyo nzima, na mizinga yake. Waingereza wakalifuta jina la kwao, wakaiita Imaum, kumheshimu mtoaji. Heshima tunaiona, ila yeye hakuwa akijiita Imamu; alijiita Sayyid. Wao ndio waliozoea kumwita Imamu wa Maskati. Kwa hiyo hata heshima ilikuja na jina walilomchagulia.

Miaka yake ya mwisho meli ilikuwa Port Royal, Jamaica, ikipokelewa humo mabaharia. Sayyid alifariki baharini Oktoba 1856, akirudi Unguja kutoka Oman, ndani ya meli yake nyingine, iliyobeba jina la malkia wa Uingereza, Victoria.